Ndoo ya Ejobundi

Jumamosi, Muyinga. Mvua tangu asubuhi.

Si mvua ya kutisha. Ni rasharasha isiyo na haraka, ile inayokuzuia kutoka lakini haikupi sababu ya kulalamika. Likizo ya Pasaka inaisha kesho. Kesho saa nne natakiwa niwe ndani ya basi la Gitega, lile linalopita Karuzi, na begi langu liko kitandani limeachama. Ndani yake kuna soksi moja.

Nimekaa nalitazama tangu nilipoamka. Sasa ni saa tisa alasiri.

Sina huzuni. Nataka hilo lieleweke mapema, kabla mtu hajaniambia pole. Huzuni naijua. Nikiwa mdogo mbuzi wetu aliibwa, nikalia siku mbili, nikapona. Hii ni ganzi. Kama umewahi kung'olewa jino unajua: unaligusa shavu lako na unaona ni shavu la mtu mwingine. Mimi niko hivyo mwili mzima tangu Desemba, na sindano haijaisha nguvu.

Blogu hii ina wasomaji wanne. Wawili nadhani ni mimi mwenyewe, nikifungua kwa simu ya mama. Kwa hiyo naweza kusema ukweli.

Naitwa Neema. Shuleni naitwa Ejobundi.

Nilizaliwa Tanzania, upande wa Kasulu, kwa wazazi Warundi waliokulia hukohuko. Nyumbani tulisali kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili. Kirundi kilikuwa cha bibi, na bibi alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka juzi baba akaamua turudi. Alikuwa na msemo wake, kwamba ng'ombe akivunjika guu malishoni, hurudi zizini kusaidiwa. Hakusema ng'ombe afanye nini akikuta zizini wanaongea lugha nyingine. Tukaja kwenye kilima cha babu yake hapa Muyinga, na mimi niliyekuwa wa tatu darasani kule Kasulu nikarudishwa nyuma madarasa mawili, kwa ajili ya Kifaransa na Kirundi. Miezi minane baadaye baba akafa.

Nimeiandika sentensi hiyo ya mwisho haraka ili ipite.

Alikufa kwa homa, mwezi kama huu, mwaka jana. Septemba parokia ikanitafutia nafasi kwenye shule ya bweni ya wasichana, Gitega. Mama alifurahi. Aliuza mahindi, akaninunulia godoro, sanduku na ndoo ya bluu, na kwenye ndoo akaandika NEEMA kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, ili isipotee.

Wiki ya kwanza, mwalimu wa Kirundi alitaka kila mgeni asimame ajieleze. Anatoka wapi, wazazi wake wanafanya nini. Ni mama mpole, sina neno naye. Nilikuwa nimejiandaa tangu usiku uliotangulia. Kichwani nilikuwa na sentensi ya Kiswahili, safi kabisa: baba yangu alifariki juzi juzi. Kazi iliyobaki ilikuwa kuigeuza tu.

Sasa, kama kati yenu wanne kuna asiyejua Kirundi, anisikilize. Kirundi kina neno "ejo". Maana yake ni jana. Maana yake pia ni kesho. "Ejobundi" ni juzi, na hiyohiyo ni keshokutwa. Kinachokuambia unatazama nyuma au mbele ni kitenzi peke yake. Ukikosea kitenzi, umegeuza wakati wote.

Nilikosea kitenzi.

Nilisimama mbele ya wasichana hamsini, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma: "Papa azopfa ejobundi." Baba yangu atakufa keshokutwa.

Wa mbele waligeuka kuwatazama wa nyuma. Halafu darasa likalipuka. Hata mwalimu aliinamia daftari lake, na mabega yakawa yanamtikisika. Simlaumu. Kwa kweli inachekesha. Msichana mrefu kuliko wote darasani, amesimama wima kama askari, anatangaza siku ya kifo cha baba yake kana kwamba anaalika watu harusini.

Aliyenipa jina ni Ketty. Anatoka Bujumbura, nywele zake hazijawahi kukaa wiki mbili bila kusukwa upya, na anajua Kiswahili cha mjini. Kila asubuhi kwenye foleni ya bomba alikuwa ananipigia kelele: "Eh, Ejobundi! Papa yako iko anakufa leo ama bado? Utuambie, tupate kujipanga!" Nikinuna, ananishika bega. "We nawe. Tunacheka tu. Mi sina ubaya na we." Siku moja nikamjibu, kwa Kiswahili changu cha Kasulu chenye adabu zote. Akawageukia wenzake: "Sikieni umuswahili huyu." Kwa Kirundi neno hilo linamaanisha mtu anayeongea lugha yangu, na pia linamaanisha tapeli.

Waliocheka zaidi hawakuwa wa Bujumbura. Walikuwa wasichana wa Itaba na Mutaho, watoto wa wakulima kama mimi, ambao nao Kifaransa kiliwapiga chenga kila siku. Niliwaelewa. Walipokuwa wananicheka mimi, hakuna aliyekuwa akiwasikiliza wao.

Mambo mengine ni madogo na yanachosha kuandika. Godoro lilimwagiwa maji mara mbili. Kwenye daftari langu la hesabu mtu alichora kaburi lenye maua, kaburi zuri, mchoraji ana kipaji. Na ndoo yangu, siku moja niliikuta jina limekwanguliwa kwa wembe, na juu yake limeandikwa jingine kwa kalamu nyeusi ile isiyofutika.

Sikumwambia mama. Nilimpigia kila Jumapili kwa simu ya mlezi wa bweni nikamwambia ni salama, nakula, nasoma. Mama angeacha shamba apande basi. Na ili nimweleze ilibidi niitaje ile sentensi, na ile sentensi inamhusu mume wake.

Lakini hayo siyo ninayotaka kuungama.

Ninachotaka kuungama ni hiki. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, mabweni yalifanya michezo ya kuigiza baada ya misa. Ketty akaja kunibembeleza. Bweni letu halikuwa na igizo, akasema, na mimi ndiye mchekeshaji wetu. "Sema tu ile yako. Utaona vile watakupenda." Nikapanda jukwaani. Nilikuwa nimevaa koti la mlinzi wa shule. Nikaigiza baba anayetazama saa yake, anapanga nguo zake, anawaaga majirani, anauliza kama keshokutwa ni siku nzuri. Kisha nikaisema ile sentensi, taratibu, nikiwaachia nafasi ya kucheka.

Baba yangu. Ambaye hakuwahi hata kuwa na saa.

Walicheka mpaka wengine wakalia. Shule nzima ilinipigia makofi. Jioni ile nilipewa nafasi ya kwanza kwenye bomba la maji, na msichana wa Giheta ambaye hajawahi kunisalimia alinigawia parachichi lake. Nilikula. Halikuwa na ladha. Nikadhani ni bovu, nikalitazama, lilikuwa zima.

Tangu siku ile hakuna kitu chenye ladha.

Muhula wa pili sikumbuki vizuri. Nilikuwa naamka na mwili mzito, nakaa darasani, maneno ya mwalimu yanafika masikioni yanarudi. Niliacha kusuka nywele. Niliacha kusali, si kwa hasira, nilikosa tu la kusema. Kwenye ripoti waliandika kwamba nina uwezo lakini ni mvivu. Na kuna asubuhi, sitaki kumtisha mtu, lakini niliahidi ukweli, kuna asubuhi nilikuwa nafungua macho na kuona ingekuwa afadhali kama nisingeamka. Bila kulia. Nilikuwa nawaza hivyo kama mtu anavyowaza kwamba sukari imeisha.

Jumamosi iliyopita tulifanya kuganduka. Kule Tanzania tulizoea kuanua matanga baada ya siku chache. Hapa familia yetu ilingoja mwaka mzima, ndipo watu wakakusanyika, kukawa na misa, tukaenda kaburini na maua, tukarudi kula na kunywa, na mkubwa wa ukoo akatangaza kwamba msiba umekwisha. Kuanzia hapo mmeruhusiwa. Mnaweza kuoa, mnaweza kucheza ngoma, mnaweza kucheka kwa sauti.

Mimi nilikuwa nimeshacheka. Nilichokuwa sijafanya ni kulia.

Wakaniambia mtoto wa kwanza aseme neno kuhusu baba yake. Nikasimama. Watu labda mia moja, chini ya turubai, chupa za Fanta magotini. Kirundi changu siku hizi kimenyooka, ningeweza. Nikamtafuta baba kichwani: mikono yake, kofia yake, jinsi alivyokuwa akisema "haya bwana" hata kwa mbuzi. Sikumpata. Nilichokuta mdomoni ni ile sentensi tu, imekaa kwenye ulimi, inasubiri kicheko.

Nikafunga mdomo nikaketi. Watu wakaguna kwa huruma, wakidhani uchungu umenizidi. Shangazi yangu, dada yake baba, hakudanganyika. Nilimsikia akimwambia jirani yake: "Mutoto huyu hana hata chozi moja. Iko na roho ya mawe." Nilitamani iwe kweli. Angalau jiwe ni kitu.

Basi. Sasa turudi kwenye leo, na mvua, na begi.

Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Ameshanikaangia ndagala, dagaa wa huku, za kwenda nazo shuleni, zimejaa kopo zima, na pilipili amezitia kwenye chupa ndogo ya dawa aliyoichemsha mara tatu. Alikuja chumbani kuona nimefikia wapi. Akaona nimefikia soksi moja. Akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda ili apange sabuni, akaigeuza, akasimama.

"Neema. Ndoo hii ya nani?"

Nikaanza kukunja soksi.

"Umebeba ndoo ya mtu? Huyu Ejobundi ni nani? Mtoto wa watu si anahangaika bila ndoo?"

Alikuwa na wasiwasi wa kweli. Mama yangu alikuwa tayari kurudisha ile ndoo Gitega kwa miguu. Akaigeuza upande wa pili, akaona chini ya maandishi meusi alama ya rangi nyeupe iliyobaki, kamguu ka herufi N, ambako alikaandika yeye mwenyewe. Akaketi kitandani, juu ya begi.

Nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani: sentensi, darasa, bomba, kaburi la kwenye daftari. Nikamwambia la jukwaani pia. Nikamwambia la parachichi. Nikamwambia la asubuhi zile. Nilikuwa nangoja anipige kofi, au alie, au amwite shangazi. Nilikuwa nangoja kwa utulivu kabisa, kama msiba ni wa jirani.

Mama aliiweka ndoo sakafuni. Kisha akasema, "Nenda kaniletee maharage yangu."

Nikayaleta. Akaweka ungo mapajani, akaendelea kuchambua pale kitandani, vijiwe huku, maharage huku. Na bila kuinua macho akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, hata padri.

Baba alipozidiwa, mama alikwenda zahanati kule chini bondeni. Daktari huwa anakuja mara moja kwa wiki, siku nyingine kuna mhudumu tu. Mama akauliza daktari yuko wapi. Mhudumu, ana haraka, watu wamejaa, akamjibu kwa Kirundi: "Yaje ejo."

Alikuja jana. Ndiyo maana yake. Yaani umemkosa, mpeleke mgonjwa hospitali ya mjini.

Lakini sikio la mama ni sikio la Kasulu. Yeye alisikia "aje". Daktari aje. Na "ejo" alijua ni kesho, hilo neno alikuwa ameshajifunza, alijivunia hata. Akarudi nyumbani mbio. "Nikamwambia baba yako, daktari aje kesho. Akasema haya bwana, tumngoje."

Wakamngoja. Nilikuwepo, nilikuwa napika uji. Nakumbuka mama alifagia uwanja kwa ajili ya daktari. Alfajiri baba akafa.

"Labda angekufa hata mjini," mama akasema. "Sijui. Nimejiuliza mwaka mzima na sijui." Akatoa kijiwe, akakitazama, akakitupa dirishani kwenye mvua. "Hata mimi nilikosea kitenzi, mwanangu. Wewe watu walicheka. Mimi walinipa pole."

Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia, ingekuwa nzuri kwa blogu. Lakini nilisogea nikaweka kichwa begani kwake, na nikasikia harufu ya moshi na ya ndagala. Niliisikia hasa. Muda mrefu sijasikia harufu ya kitu.

Mama akasema mficha maradhi, akaishia hapo. Msemo huo wote tunaujua unavyomalizika, na nilimshukuru kwa kutoumalizia.

Kesho sipandi basi. Jumatatu tunakwenda mimi na yeye, kwanza hospitali hapa mjini Muyinga. "Na safari hii simngoji daktari aje," akasema. "Tunamfuata." Tukishaonana naye ndipo tutakwenda Gitega pamoja, mama azungumze na mkuu wa shule. Kama nitabaki pale au nitatoka, sijui. Mama hajui. Nilimuuliza kama nitapona, hilo nalo hakujua, na sikuwahi kumpenda kama wakati ule alipokataa kunidanganya.

Nilimwambia anipe mimi nizungumze na mkuu wa shule, Kirundi chake kitatuaibisha. Akakataa katakata. Mzazi ni yeye. Ila akakubali nimfundishe sentensi moja, aishike njiani: mwanangu anaumwa.

Kwa hiyo saa nzima iliyopita, mwalimu ni mimi. Mama yuko jikoni sasa, anainjika maharage, anajaribu kwa sauti.

"Umwana wanje azorwara."

Hapana, mama. Hiyo ni ataugua. Kama vile unanitabiria.

"Umwana wanje yararwaye."

Hiyo ni aliugua. Kama vile imekwisha.

Ananiuliza basi iwe vipi, na namjibu kwa sauti kutoka huku chumbani, mara moja, mara mbili, kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu mvua imeongezeka juu ya bati: "Ararwaye, mama. Ararwaye. Sasa hivi. Si jana, si kesho. Anaumwa sasa."

Jikoni mama anafunika sufuria.

Nimejisikia nikisema. Nimeketi hapa na simu mkononi, na joto lake nalisikia kiganjani, na ni kiganja changu.

"Ararwaye," mama anasema. Ameipata.